Jezi ya njano anapewaje mtu ambaye leo hajashinda? Naombeni majibu, mzee kagoma kabisa

MwanaUjiji

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Nina swali la mbio za baiskeli za Tour de France, zile za Ufaransa za mwezi wa saba, na naomba mtu anayejua kweli anijibu maana limeshakuwa ugomvi nyumbani.

Baba mkubwa wangu ujana wake wote ulikuwa juu ya baiskeli. Alikuwa anachukua dagaa Kibirizi usiku usiku, anafunga kwenye karia, anapita Mwandiga anapandisha nazo mpaka Kalinzi, jioni anashuka na ndizi. Yani ni mtu anayeijua baiskeli kwa mapaja yake, sio wa kuhadithiwa. Sasa huwa tunakaa naye kwenye banda la kuonyesha mpira hapa Ujiji, mwenye banda akiwa hana mechi ya jioni anatuwekea mbio, zinaisha kama saa 12 na nusu hivi za kwetu. Siku hiyo watu watano walitoroka tangu mwanzo, wakawaacha wenzao dakika 7, na yule wa jezi ya njano yuko kule nyuma katikati ya kundi anakunywa maji hana hata habari. Mmoja kati ya wale watano akashinda, akanyoosha mikono, akalia kabisa. Afu tunaangalia jukwaani, jezi ya njano anavalishwa yule yule aliyekuwa nyuma!

Baba mkubwa akasimama akaondoka. Anasema hizi mbio zimepangwa, tena akaongeza kwamba yule wa njano siku nzima anasindikizwa na wenzake wanne wanamkinga mbele, huyo bingwa gani anayejificha nyuma ya watu.

Ningeachana nayo tu ila kuna mdogo wangu, mtoto wa huyo huyo baba mkubwa, ana miaka 16, ana miguu sio ya kawaida, anapenda hii kitu na anataka aanze mashindano. Mzee amekataa, hawezi kumruhusu mtoto aingie kwenye mbio za kupangwa. Naombeni maelezo nikamwambie, lakini yawe ya kweli maana nikimdanganya atajua.

Kiloleni_Boy

Karibu mkuu, umeuliza kitu ambacho hata mimi kilinisumbua miaka miwili. Nipo Tabora, huku baiskeli ni kila nyumba lakini hizi mbio wanaozielewa hatuzidi kiganja.

Kwanza mwambie mzee pale kuna mashindano mawili ndani ya moja. Kila siku ni mbio zake, wanaita hatua, na mshindi wa siku anapewa heshima yake na hela yake. Afu kuna mbio kubwa ya wiki tatu, hatua 21, kilomita 3,300 na kitu, na hiyo haihesabu nani katangulia leo, inahesabu MUDA. Kila mtu anaandikiwa alichotumia leo, kinajumlishwa na cha jana na cha juzi, mwenye jumla ndogo kuliko wote ndo anavaa njano kesho yake.

Chukua mfano wa hukohuko kwenu. Tuseme tunaandaa mbio za siku 3, Kigoma mpaka Kasulu, kesho yake Kasulu mpaka Kibondo, siku ya tatu Kibondo mpaka Nyakanazi. Kuna Asha, kuna Bakari, kuna Hamisi. (Asha nimemweka makusudi, ana miguu.)

Siku ya kwanza Asha anashinda, katumia saa 3 kamili. Hamisi katumia saa 3 na dakika 1. Bakari anachelewa, katumia saa 3 na robo.
Siku ya pili Bakari anazinduka anashinda kwa saa 3 na nusu, Hamisi nyuma yake dakika 1 tu, Asha mlima umemkalia vibaya anatumia saa 3 na dakika 45.
Siku ya tatu Asha tena, saa 2 na dakika 50, Hamisi saa 2 na dakika 51, Bakari saa 3.

Jumlisha. Asha ni saa 9 na dakika 35, Bakari ni saa 9 na dakika 45, Hamisi ni saa 9 na dakika 23. Hamisi hajashinda hata siku moja na kawaacha wote zaidi ya dakika 10. Sasa nani kapangiwa hapo? Hamisi ndo mtu ambaye hakuwa na siku mbaya.

Na imeshatokea kweli. Greg LeMond Mmarekani alichukua Tour ya 1990 bila kushinda hatua hata moja, Egan Bernal wa Kolombia naye 2019 hivohivo.

mtu_wa_reli

Nadhani njano ni ya mwenye pointi nyingi wakuu, au nakosea?

Kiloleni_Boy

Hapana mkuu, ya pointi ni ya kijani, hiyo wanaiwania watu wa spidi za mwisho. Njano ni muda tu. Wapanda milima wana ya nukta nukta nyekundu na vijana ambao hawajafika 26 wana nyeupe. Njano ilianza kuvaliwa 1919, gazeti lililoanzisha mbio lilikuwa linachapwa kwenye karatasi ya njano, ndo rangi ikatoka huko.

FundiSpoku

Mi ni fundi baiskeli hapa Kasulu mwaka wa 19 huu na hilo la kujificha nyuma naomba nilijibu mimi kwa sababu baba mkubwa analijua, ila amesahau kwamba analijua.

Muulize hivi: enzi zake za dagaa, kiangazi upepo unavuma usoni, wakiwa wanne watano barabarani walikuwa wanakaaje? Mi nawaona kila siku wabeba mkaa na mawese wanaotoka upande wa Makere alfajiri, mtu ana madumu matatu ya lita 20, hawaendi wamesambaa. Wanapanga mstari, wa mbele akichoka anatoka pembeni anarudi nyuma anashika mkia, wa pili anakuwa wa mbele. Hakuna aliyewafundisha. Ukikaa nyuma ya mwenzako karibu kiasi kwamba tairi lako la mbele lipo kiganja kimoja kutoka tairi lake la nyuma, utashangaa masikio yanatulia ghafla, ule mvumo unakatika, pedeli inakuwa nyepesi kama mtu kakusukuma mgongoni. Hapo upepo anaula mwenzako. Na hiyo ni kwa mwendo wa mzigo, sasa hao wanakimbia kilomita 40 kwa saa na zaidi kwenye tambarare, na kadri unavyokimbia ndo upepo unavyozidi kuwa ukuta. Aliyekaa katikati ya kundi anaokoa theluthi ya nguvu zake, pengine na zaidi.

Kwa hiyo timu ina watu 8 na kabla hata hawajaanza wanajua nani kiongozi wao. Wale 7 kazi yao ni kumfikisha mlimani akiwa mzima. Wanashika upepo wao, wanarudi kwenye gari la timu wanajaza chupa za maji mgongoni ndani ya jezi mpaka mtu anakuwa kama mwenye nundu, afu anapambana kulirudia kundi na ule uzito ili agawie wenzake. Kiongozi akipata pancha na gari liko mbali, msaidizi anachomoa tairi lake anampa, au anampa baiskeli nzima, yeye anabaki amesimama barabarani anasubiri. Mi nikiona hivyo roho inanisisimka, siwezi kuficha. Huyo aliyesimama pembeni ameshapoteza siku yake na amefanya kwa hiari.

Hela wanazopata kwa ushindi wanagawana pia. Mshindi wa Tour ni euro 500,000 na desturi inaingia kwenye mfuko wa timu, mpaka mafundi na wakandaji wanapata chao. Hilo la fundi kukumbukwa nimelipenda sana.

Mlimani ndo mambo yanabadilika. Mkipanda taratibu upepo hauna nguvu kama kwenye tambarare, kujificha hakukusaidii sana, wasaidizi wanaisha mmoja mmoja mpaka mwenye njano anabaki peke yake na adui yake. Mwambie baba mkubwa asiangalie kilomita 150 za kwanza, aangalie zile 10 za mwisho za kupanda. Aliyepanda Kalinzi na mzigo wa dagaa ataelewa bila mkalimani.

MwanaUjiji

Fundi umenigusa, nimemsomea hicho kipande cha kupokezana upepo akanyamaza kidogo akasema "walikuwa wananiacha mbele mimi kwa sababu nina mabega mapana". Kumbe ndo maana!

Ila swali la kwanza bado. Wale watano waliotoroka dakika 7, kwa nini hawakukimbizwa? Hapo ndo mzee anapokazania kwamba wameachiwa.

Kiloleni_Boy

Wameachiwa ndio! Hapo mzee hajakosea hata kidogo, ila sababu sio rushwa, sababu ni hesabu. Wale watano kwenye jumla ya muda kila mmoja yupo nyuma ya njano labda dakika 40, labda saa nzima. Wakipata dakika 7 leo bado wapo nyuma mbali. Sasa timu ya njano iwakimbize ya nini, ichome wasaidizi wake wote, kesho kuna milima mitatu? Wanawaacha waende, wanahakikisha tu pengo halivuki kiasi fulani. Lakini ingia wewe uliye nyuma dakika 2 kwenye hilo kundi la kutoroka uone, hawakupi hata mita 100, watakufuata mpaka ukate tamaa urudi.

Afu ukitaka kuona kwamba sekunde hazina undugu, tafuta Tour ya 1989. Siku ya mwisho kabisa ilikuwa kila mtu anakimbia peke yake kushindana na saa, kilomita 24 na nusu kutoka Versailles kuingia Paris. Laurent Fignon, Mfaransa, yupo kwao, ana njano, anaongoza kwa sekunde 50. LeMond akaja na usukani wenye vishikio vya kulalia mbele ili apasue upepo, Fignon hana hata kofia, nywele zake za kufunga nyuma zinapepea. LeMond akashinda Tour nzima kwa sekunde 8. Zaidi ya kilomita 3,200 wamezunguka nchi halafu sekunde 8! Wafaransa wangekuwa wanapanga wangempangia Mfaransa wao siku ile.

Na 2020 ikajirudia kwa namna nyingine, Roglič ana njano anaongoza sekunde 57, imebaki mbio ya kushindana na saa ya kupanda mlima wa La Planche des Belles Filles kabla ya kuingia Paris, kijana Tadej Pogačar akamvua. Mslovenia kwa Mslovenia. Roglič alipomaliza kofia imekaa upande, uso mweupe kabisa, kila nikiikumbuka ile sura naumia.

Dada_Kibondo

Naomba na mimi nichangie kaka zangu maana mmeongea wanaume tu mpaka sasa (asante kwa Asha 🙏🏾).

Tour ya wanawake ilirudi 2022, na ya 2024 ndo nawaomba mkamwonyeshe baba mkubwa kwa sababu ina kila kitu alichokiuliza. Demi Vollering Mholanzi alikuwa na njano. Hatua ya 5 wanakaribia kumaliza, kama kilomita 6 zimebaki, kundi likaanguka na yeye ndani. Kuna kanuni kwamba ukianguka kwenye kilomita chache za mwisho, kawaida ni 3, kwenye siku ya tambarare unapewa muda sawa na kundi ulilokuwa nalo ili mtu asipoteze mbio kwa sababu ya msongamano. Yeye kaangukia kabla ya hapo. Akainuka ameshika kiuno, akaendesha hivohivo, akapoteza dakika 1 na sekunde 47, njano ikaenda kwa Kasia Niewiadoma wa Poland. Na siku hiyohiyo aliyeshinda hatua ni mtu wa timu ya Vollering mwenyewe, wenzake hawakumsubiri, hapo FundiSpoku ndo utaona wasaidizi wakikosekana inakuwaje.

Siku ya mwisho ni Alpe d'Huez, ule mlima wenye kona 21. Vollering kashambulia mapema, anapanda amekaza, Niewiadoma kule nyuma anahesabiwa sekunde. Vollering akashinda hatua. Akafika pale akalala chini anasubiri. Niewiadoma akaja anajivuta mpaka mstari, wakajumlisha, Niewiadoma bingwa kwa sekunde NNE. Mshindi wa siku analia kwa kukosa na aliyefika baada yake analia kwa kupata. Mi niliangalia kwenye simu bando likaisha zimebaki kilomita 2, nikakimbia dukani kununua jingine, nikarudi nikakuta wamekumbatiana.

Sekunde 4 ni mtu kufunga kamba ya kiatu. Wala huwezi kujua zile 4 ni za siku gani, labda ni za pale alipochelewa kuinuka.

Kagera_Kigoma

Nilikuwa Kigali mwaka jana 2025 mwezi wa tisa kwenye mashindano ya dunia, mara ya kwanza kufanyika Afrika, naandika kwa sababu ya huyo kijana wa miaka 16.

Tulitoka Kigoma na basi, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, tukalala Benaco, asubuhi tukavuka Rusumo. Yale yalikuwa ya siku moja sio hatua nyingi, wanaume kilomita 267 na nusu, na mzunguko wa mjini wanaupita mara 15. Mi nilisimama Kimihurura, kuna kipande cha mawe kinapanda. Kwenye TV huwezi kusikia. Kundi likija juu ya mawe unasikia kama mvua kubwa inakuja kwenye bati, afu wakikufikia unasikia pumzi za watu, cheni zinavyopiga, mtu anatema mate, chumvi nyeupe imekauka kwenye kaptura. Kila mzunguko wanapungua. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, waliomaliza 30. Pogačar akaondoka mapema sana akakaa peke yake kilomita zaidi ya 60, nikamuona mara nne peke yake, hapo hana mtu wa kumkinga upepo, na huyo ni mmoja wa hao wa njano ambao mzee anasema wanajificha.

Sasa mwambie baba mkubwa Rwanda kila mwaka mwezi wa pili kuna Tour du Rwanda, hiyo ndo ya hatua nyingi, siku 8, na haina kiingilio unasimama barabarani. Kuanzia 2014 mpaka 2018 miaka yote mitano walichukua Wanyarwanda wenyewe. 2019 ikapandishwa daraja zikaja timu kubwa za Ulaya, na bado Waeritrea wakatamba, Kudus 2019, Tesfatsion 2020 na 2022, Mulubrhan 2023. Hao ni watu wa hapahapa Afrika Mashariki. Biniam Girmay wa Asmara 2024 ameshinda hatua 3 za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Chris Froome mwenye Tour 4 kazaliwa Nairobi, kafundishwa na David Kinjah kule Kikuyu.

Kijana asianze kwa kutafuta baiskeli ya mamilioni. Akae kwenye kundi ajifunze kushika tairi la mwenzake bila kuligusa. Mi niliwahi kushiriki mbio moja huku Kanda ya Ziwa, tairi langu la mbele likagusa la nyuma la mtu, sekunde moja tu nimeangalia pembeni, nikaenda chini na watu sita nyuma yangu. Mfupa wa bega ulivunjika, na gari la huduma ya kwanza halikuwepo. Ajifunze hilo kwanza, tena barabara ikiwa haina malori. Na waulizie CHABATA, chama cha baiskeli Tanzania, kuhusu usajili ili asikimbie mbio zisizo na utaratibu.

FundiSpoku

Naongezea la chakula wengi wanalisahau. Siku ya milima wanachoma kilokalori 5,000 na kuendelea, wasipokula barabarani mwili unazima kama taa. Na wanakula nini? Wali! Wanaukanda unakuwa vipande, wanafunga kwenye karatasi ya foili, wanaingiza mfuko wa mgongoni. Kijana awe anakula kabla njaa haijaja, ikishakuja umechelewa. Na baiskeli yake ailete nimnyooshee ringi, nauli ya kufika Kasulu tu, kazi sitamtoza.

MwanaUjiji

Wakuu mbarikiwe sana. Nimekaa na mzee jana baada ya swala ya isha, nikaiandika ile hesabu ya Asha, Bakari na Hamisi kwenye daftari, akaivua miwani akaisafisha akajumlisha upya yeye mwenyewe mara mbili. Akauliza Hamisi alikuwa na wasaidizi wangapi. Nikamwambia saba. Akasema "basi sio wa njano peke yake, ni jezi ya watu wanane", afu akaulizia ule wa wanawake wa sekunde nne kama upo kwenye simu. Dada_Kibondo tumeuangalia wote wawili mpaka mwisho, pale Vollering amelala chini mzee akawa anamwambia "inuka mwanangu, inuka".

Kuhusu dogo hajasema ndio. Amesema Jumamosi alfajiri atatoka naye yeye mwenyewe, na baiskeli yake ile ya zamani, mpaka Mwandiga, amkalie mbele amshikie upepo aone kama mtoto anajua kukaa nyuma. Ana miaka 63. FundiSpoku naomba namba yako ya dukani inbox, breki za ile ya mzee hazishiki na ule mteremko wa kurudi naujua.